Asili ya Sheria Moja ya Kiingereza

Wasomaji wengi wamepata kuulizwa katika mtihani: Je, tuandike "you was" au "you were"? Jibu ni la pili, hata akisemeshwa mtu mmoja. Sababu yake ni hii.

Hapo kale Waingereza walimwambia mmoja "thou", na wengi "ye" au "you". Baadaye, kwa heshima, wakamwambia mmoja "you" vilevile, na "thou" likafifia. Ndipo wengi, hata wenye elimu, wakasema "you was" kwa mmoja, wapate kumtenga na wengi. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi, akailaumu desturi hiyo: neno likiwa la wingi, tendo nalo lifuate wingi. Alilaumu pia "have wrote" badala ya "have written", ijapokuwa waandishi mashuhuri waliandika hivyo. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyekaa karibu na York, alitoa sarufi yake akimfuata Lowth katika mengi, nayo ikaenea sana mashuleni.

Basi, mwanafunzi na aishike sheria, kwa maana mtahini huitaka. Lakini asimhesabu mjinga yule asemaye "you was". Hata wenye elimu walisema hivyo zamani.