Kabla Hujaung'oa Ungo

Wadau, kila mwisho wa mwezi swali linarudi lile lile: nilipie king'amuzi au hela hiyo ninunulie bando? Vijana wengi wa mjini tunaoishi nyumba za kupanga tumeanza kuuona ungo ulioko juu ya bati kama kitu cha wazazi wetu. Baadhi yetu wameshaung'oa kabisa. Na sababu zao zinaeleweka. Kifurushi kina chaneli lukuki, wewe unaangalia nne. Ukisafiri wiki tatu, siku zinahesabika tu. Mvua ikinyesha, picha inakatakata. Kwenye Netflix au YouTube unachagua mwenyewe nini uangalie na saa ngapi, na humwiti fundi.

Mimi si fundi wala mhasibu. Ni mwandishi wa habari, na ugonjwa wetu sisi ni kuuliza: hili jambo lilianzaje? Nikiifuata historia ya televisheni ya kulipia, kwa wenzetu na hapa kwetu, naona mchezo ule ule unarudiwa. Teknolojia mpya inakuja na ahadi ya kutukomboa kutoka kwa ile ya zamani. Tunahamia. Halafu baada ya miaka michache tunakuta kwamba kilichobadilika ni njia ya kufikisha picha, wakati mwenye mechi ni yule yule, au mwenzake anayefanana naye. Haya, tuanze mwanzo.

Waya ulianzia milimani

Marekani, ambako watu wengi wanakata kebo hivi sasa, kebo yenyewe haikuanza kama biashara ya chaneli mia. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwenye miji midogo ya Pennsylvania na Oregon, ambako milima ilizuia mawimbi ya televisheni. Wauza vifaa vya umeme walikuwa na televisheni dukani, lakini nani atanunua kitu kisichoonyesha? Wakasimika antena kubwa moja mahali pa juu, wakavuta waya hadi majumbani, wakatoza ada. Mteja alikuwa analipia usafiri wa picha tu. Vipindi vyenyewe vilikuwa vya bure.

Mambo yalibadilika HBO ilipoanzishwa mwaka 1972. Sasa mteja alilipia kitu ambacho asiyelipa hakioni. Na kilichoipa HBO nguvu ni ngumi. Mwaka 1975 ilirusha kwa satelaiti pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila hadi kwenye mitandao ya kebo Marekani. Baada ya hapo makampuni mengine yakafuata njia hiyo ya satelaiti: ESPN mwaka 1979, CNN mwaka 1980. Shikilia jambo hilo la ngumi, tutalirudia.

Sisi tulianza kwa kusema hapana

Kenya na Uganda zilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tanzania Bara haikuwa nayo. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, na kazi ya kufikisha habari kwa wananchi ikaachiwa redio. Zanzibar wao walienda njia yao. Mwaka 1973 walianzisha TVZ, tena ya rangi, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe au haina kabisa. Waliokuwa Dar es Salaam wakiwa na seti na antena ndefu walikuwa wanadaka matangazo ya ng'ambo ya bahari.

Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, biashara huria ilipokuwa imefunguliwa. Mwaka huo zikaja CTN, DTV na ITV ya marehemu Reginald Mengi. Televisheni ya Taifa ilifuata baadaye, na ndiyo iliyokuja kuwa TBC. Maana yake ni kwamba kwetu televisheni ya serikali ilitanguliwa na ya watu binafsi. Na karibu wakati ule ule ambapo tulipata chaneli za bure, ungo wa kulipia nao ulikuwa unapiga hodi.

Mpira ndani ya ungo

M-Net ilianza Afrika Kusini mwaka 1986. Mwaka 1995 ndugu yake MultiChoice akaleta DStv, yaani huduma ya dijitali kwa satelaiti. Kwa Mtanzania wa kawaida wa miaka ile, DStv ilikuwa kitu cha hoteli, baa na nyumba za wakubwa. Lakini Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa imeanza mwaka 1992, na kufika miaka ya 2000 kila mtaa ulikuwa na mashabiki wa Manchester United na Arsenal wanaotukanana kama ndugu. Watu hao walikuwa hawana uwezo wa kulipia ungo. Ndipo kibanda umiza kikashika kasi: benchi, joto, televisheni moja, kiingilio mlangoni.

Tunaposikia leo makampuni ya mtandaoni yanalalamika kwamba watu wanagawana neno la siri, tukumbuke kwamba kibanda umiza kiligawa kadi moja kwa watu themanini kabla simu zetu hazijawa na skrini ya rangi. Watu walitafuta njia kwa sababu kitu walichokitaka kilikuwa na mlango mmoja tu.

Halafu mwaka 2007 ikaja GTV. Wengi wenu mliokuwa sekondari mnaikumbuka. Ilikuja na bei ya chini, ikanunua haki za sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa Afrika, na watu ambao hawakuwahi kuwa na ungo wakafunga ungo. Ilionekana kama ukombozi: hatimaye DStv kapata mwenzake! Mwishoni mwa Januari 2009, katikati ya msimu, GTV ikafilisika. Ilikuwa na wateja zaidi ya laki moja katika nchi nyingi za Afrika. Waliolipia mwezi walipoteza mwezi, na king'amuzi kikabaki pambo la kuwekea maua. Mashabiki waliotaka kumaliza msimu walirudi kwenye ule mlango wa zamani, au kibandani.

GTV haikufa kwa kukosa teknolojia. Ungo wake ulifanya kazi vizuri tu. Ilichoshindwa ni kubeba gharama ya kuwa mwenye mechi hadi biashara isimame. Wahenga wamesema mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama. Katika biashara hii kisu ni haki za matangazo, na ni ghali.

Mwaka ule ule, baharini

Miezi sita baada ya GTV kufa, Julai 2009, mkonga wa SEACOM uliokuja kwa njia ya bahari ulianza kazi Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea zaidi satelaiti, na kufungua video ya dakika tatu kulihitaji subira ya mvuvi. Wakati huo watu hawakuuona mkonga kama habari ya televisheni. Ilikuwa ni habari ya barua pepe na Facebook. Lakini hapo ndipo njia ya pili ya kufikisha picha nyumbani ilipofunguliwa.

Kabla njia hiyo haijakomaa, king'amuzi kilipata bahati nyingine. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, na mikoa mingine ikafuata. Ghafla neno king'amuzi likawa la kila nyumba, kwa sababu bila hicho hata chaneli za bure huzioni. Kenya walipofika hatua hiyo mwaka 2015, vituo vikubwa vya binafsi viligombana na serikali hadi vikawa havipo hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Kwetu mzozo wa kufanana nao ulikuja mwaka 2018, TCRA ilipozuia baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kubeba chaneli za bure kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Mtu mwenye kifurushi kilicholipiwa akajikuta haoni taarifa ya habari ya kituo cha nyumbani.

Katikati ya hayo, Desemba 2013, Azam TV ikaingia sokoni na ikashika Ligi Kuu ya Tanzania. Mwaka 2021 Azam Media na TFF wakasaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo kwa mtu wa Simba au Yanga swali la ungo au intaneti lina jibu lililoandikwa na wanasheria: mechi iko Azam, utakayoiona kwa ungo, kwa antena au kwa programu yao ya simu. Ukihama kutoka kwenye ungo kwenda kwenye programu, umebadilisha barabara. Nyumba unayokwenda ni ile ile.

Mgema na tembo lake

Tarehe 6 Januari 2016 Netflix ilifungua huduma yake katika nchi 130 kwa mpigo, Tanzania na Kenya zikiwemo. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1997, ikawa inakodisha DVD kwa posta, kisha ikaanza kurusha video kwa intaneti mwaka 2007. Sifa zake zilikuwa tatu: bei ndogo, hakuna matangazo ya biashara, na hakuna anayekuuliza kadi unatumia na nani.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Julai 2022, kwa mujibu wa vipimo vya Nielsen, Wamarekani waliangalia huduma za mtandaoni kuliko kebo kwa mara ya kwanza. Novemba mwaka huo huo Netflix ikaanzisha kifurushi chenye matangazo ya biashara. Mwaka 2023 ikawabana wanaogawana neno la siri. Mwaka huo huo, Novemba, ikafuta huduma ya bure ya simu iliyokuwa imeipa Kenya tangu 2021. Mwaka 2024 makampuni ya Marekani yakafunga huduma mbili tatu pamoja na kuziuza kwa bei moja. Hicho si ndicho kile kifurushi tulichokikimbia?

Na ngumi zimerudi. Novemba 2024 Netflix ilirusha pambano la Mike Tyson na Jake Paul, na watazamaji wengi wakalalamika kwamba picha inakwama. Miaka 49 baada ya Manila, kampuni mpya imetumia chambo kile kile cha kampuni ya zamani. Upande wa pili, wenye ungo nao hawajakaa kimya: Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilichukua umiliki wa MultiChoice. Waliokuwa washindani sasa ni nyumba moja.

Sasa tufanyeje?

Historia hii haisemi usihame. Inasema ujue unalipia nini. Kuna vitu viwili: mwenye kipindi, na usafiri wa kipindi. Kwenye ungo unavilipia pamoja, na ukiangalia saa moja au saa kumi bei haibadiliki. Kwenye intaneti unamlipa mwenye kipindi, halafu usafiri unamlipa mtu mwingine kwa kila GB.

Tupige hesabu. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, picha ya kawaida inaweza kula hadi GB 1 kwa saa, na picha kali hadi GB 3. Kaya inayoangalia saa mbili kila jioni ina saa 60 kwa mwezi. Hiyo ni hadi GB 60 kwa picha ya kawaida, na GB 180 kwa picha kali. Weka bei ya bando lako hapo, halafu jumlisha ada. Kama una intaneti ya nyumbani isiyohesabu GB, na mnagawana gharama wapangaji watatu, ungo umeshindwa. Kama unategemea bando la simu, ungo bado ni bei ya kutupwa.

Kisha uliza nyumba yako inaangalia nini. Filamu na tamthilia hazina haraka, intaneti inazimudu. Mpira una haraka. Picha ya intaneti mara nyingi huchelewa nyuma ya ungo, na hakuna mateso kama kusikia mtaa mzima umeshangilia bao ambalo kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Na kama unakaa na mama anayesubiri taarifa ya habari saa mbili usiku, kumbuka chaneli za bure zinapatikana kwa king'amuzi cha antena bila kifurushi. Ukiwa nacho, nusu ya hoja ya kubaki na ungo imekwisha.

Ushauri wangu ni mmoja tu: usifunge ndoa na yeyote kati yao. Usilipie mwaka mzima kwa sababu ya punguzo, iwe ni ungo au mtandao. Waulizeni waliolipia GTV Januari 2009. Lipa mwezi, angalia mechi iko kwa nani msimu huu, na msimu ukibadilika uwe tayari kuhama tena. Wao wanahama kila siku kufuata hela. Hatuna sababu ya kuwa waaminifu kuliko wao.

Naomba kuwasilisha.