Kenia Ilipita Hapa 1891

Ukikulia Garissa unajua Kenya iko wapi: ng'ambo ya daraja. Mtu akipanda basi la Eastleigh, wazee wanasema ameenda Kenya, na akirudi anaulizwa huko Kenya watu hawajambo. Wasee wa Nairobi wakisikia hivyo wengine hucheka, wengine hukasirika, ati hatuna uzalendo. Sawa. Lakini basi likifika kwenye kizuizi karibu na daraja, ni nani anaambiwa ashuke, apange foleni, atoe kitambulisho? Siku moja nilikuwa nimesahau changu nyumbani. Basi likaondoka, mimi nikabaki juani, sina la kufanya ila kuutazama Mto Tana.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha chuo, kwa hivyo muda wa kusoma vitu visivyo na mtihani nilikuwa nao. Ndivyo nilivyokutana na safari hii kwenye maandishi ya wanajiografia Waingereza wa miaka ya 1890. Mwaka 1891 meli ndogo ya moshi, yenye gurudumu nyuma, ilipanda Tana kutoka pwani, ikapita mahali ulipo mji wetu leo, ikaendelea juu hadi Hameye. Jina lake Kenia. Hapo hakukuwa bado na nchi yenye jina hilo. Koloni lilipewa jina la Kenya mwaka 1920. Yaani jina lilipita kwetu kwa maji miaka 29 kabla ya kuwa nchi, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia.

Meli ilikuwa ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati yake mwaka 1888. Nahodha alikuwa F. G. Dundas wa jeshi la majini, na ndani alikuwemo C. W. Hobley, mjiolojia kijana ambaye baadaye angekuwa ofisa mkubwa wa serikali ya kikoloni. Hawakuwa watalii. Kampuni ilitaka kujua kama Tana inaweza kuwa barabara ya kufikia Mlima Kenya na nchi za juu. Wazungu wengine walikuwa wameshaufuata mto huu: Clemens Denhardt na Gustav Fischer mwaka 1878, kisha Carl Peters mwaka 1889, aliyesema anaenda kumwokoa Emin Pasha huku akipiga watu risasi kando ya mto.

Nikiiwazia hiyo safari, inaanzia Kipini, mdomo wa Mto Ozi. Kutoka hapo kulikuwa na mfereji mwembamba wa Belezoni wa kukuingiza Tana yenyewe. Halafu vijiji vya Wapokomo na mitumbwi yao, na Golbanti, ambako wamisheni wa Kimethodisti walikuwa wamejenga. Baada ya hapo ni kona juu ya kona. Garissa iko takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo mto hauna haraka. Unazunguka, unahamisha mchanga, njia ya mwaka jana mwaka huu ni ufukwe. Na meli ya aina hiyo hula kuni. Lazima usimame, watu washuke na mashoka, mkate miti, mpakie, muondoke. Huwezi kupita tu. Kila siku unakanyaga ardhi ya mtu.

Kwa sababu mto ulikuwa na wenyewe. Huku kwetu juu, Wamalakote na Wamunyoyaya walilima kingo zake, Waorma walinywesha ng'ombe, na Wasomali walikuwa wakisogea kutoka mashariki. Mji haukuwepo, lakini patupu hapakuwa.

Hameye ndiko meli ilikoishia, maana juu yake ni maporomoko. Dundas na wenzake wakaendelea kwa miguu hadi miteremko ya mlima. Mwaka uliofuata akaipeleka Kenia Mto Juba, hadi Bardera, na karibu na hapo akaona mabaki ya Welf, meli ya Mjerumani Karl Klaus von der Decken iliyovunjika mwaka 1865. Mwenyewe aliuawa Bardera. Chukua ramani uangalie: Tana upande huu, Juba upande ule. Meli moja ilipima mito yote miwili, na kwetu ni hapo katikati.

Kisha wakatuacha. Kampuni iliishiwa pesa, serikali ikachukua mwaka 1895, na mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa. Ilifika ziwani mwaka 1901. Mashamba, shule na miji vikafuata reli. Sisi mwaka 1902 tukapata sheria ya wilaya za nje, ya kufunga maeneo ili watu wasiingie bila ruhusa. Mto waliotaka uwe barabara ukawa mpaka. Mimi nadhani ule msemo wa "kwenda Kenya" haukubuniwa na wazee wetu kwa ukaidi. Walikuwa wanaelezea walichofanyiwa.

Mto wenyewe haujasoma hizo sheria. Juu wameufunga kwa mabwawa, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere, lakini Novemba 2023 ulifurika ukakata barabara upande wa Mororo, na Aprili 2024 ukairudia. Boti zikawa ndiyo matatu. Aprili hiyo boti moja ilizama Kona Punda na watu wakafa, kwa hivyo sitajifanya ilikuwa raha.

Mimi nilivuka Novemba. Injini ndogo nyuma, magunia katikati, na mama mmoja kando yangu ameshika mfuko wa nailoni umefungwa fundo mara mbili. Nilidhani ni pesa. Tulipogusa ukingo wa pili, kabla hata hajakausha miguu, akaanza kulifungua fundo. Ndani mlikuwa na kitambulisho.