Ugeuzaji wa katekolamini kwa kromatografia ya gesi

Ugeuzaji wa katekolamini ni hatua ya maabara inayozifanya dopamini, noradrenalini na adrenalini ziwe kampaundi zinazovukizika, ili zitenganishwe na kupimwa kwa kromatografia ya gesi. Umetumika katika utafiti wa neva na katika kupima mkojo wa wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na feokromositoma, uvimbe wa tezi ya adrenali unaopandisha shinikizo la damu kwa kumwaga homoni hizi kupita kiasi.

Sababu

Katekolamini ina pete ya benzini yenye haidroksili mbili jirani, pamoja na mkia wenye amini. Vikundi hivi huzishikamanisha molekuli kwa vifungo vya haidrojeni, hivyo hazigeuki mvuke kwa urahisi. Zikipashwa moto huharibika, na zikiingia kwenye safu ya kromatografia hunata ndani yake. Dawa ni kuondoa haidrojeni za vikundi hivyo na kuweka mahali pake vikundi visivyonata.

Maandalizi

Mkojo hutiwa asidi mapema, kwa sababu katekolamini huoksidika upesi katika hali ya alkali. Hunaswa kwa alumina kwenye pH ya karibu 8.5, kukiwa na kizuia oksidesheni, kisha hutolewa kwa asidi. Sampuli hukaushwa kabisa, kwani maji hukiharibu kitendanishi. Katekolamini yenye deuteri huongezwa mwanzoni kabisa: itakachopoteza njiani huonyesha kiasi ambacho homoni yenyewe imepoteza.

Njia kuu

Sililesheni hutumia vitendanishi kama BSTFA na MSTFA. Kila haidrojeni inayobadilishwa huongeza 72 kwenye masi ya molekuli. Haidroksili huitikia vizuri, lakini amini ya dopamini hupokea kundi moja au mawili. Dopamini yenye masi 153 huweza kuwa 369 au 441, na sampuli moja ikatoa vilele viwili.

Asilesheni hutumia anhidridi ya asidi ya pentafluoropropioni (PFPA). Kila kundi huongeza 146: dopamini hufikia 591 na noradrenalini 753. Amini hupokea kundi moja tu, hivyo kila homoni hutoa kilele kimoja. Florini nyingi huifanya kampaundi ionekane hata ikiwa kidogo sana kwenye kigunduzi cha kunasa elektroni, alichokibuni James Lovelock mwaka 1957. Katika spektrometa ya masi, dopamini hutambuliwa kwa ioni ya 428 na noradrenalini kwa ile ya 590. Masalia ya kitendanishi huondolewa kwa mkondo wa nitrojeni ili asidi isiharibu safu, na sampuli hulindwa dhidi ya unyevu hadi ipimwe.

Nafasi yake leo

Maabara nyingi za hospitali zimehamia kromatografia ya kimiminika, isiyolazimu ugeuzaji. Kwa maabara yenye kromatografia ya gesi, asilesheni kwa PFPA ndiyo chaguo bora kwa dopamini na noradrenalini, mradi sampuli iwe kavu na mmenyuko ukamilike.