"Yes, Sina"

Nianze na aibu yangu mwenyewe, halafu ndipo tuingie kwenye historia.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na D ya Kiingereza na kijitabu kimoja nilichonunua kwa mmachinga pale kituo cha daladala Manzese. Jalada lake liliahidi kwamba kwa mwezi mmoja tu ningemwaga ung'eng'e kama niliyezaliwa London. Nusu ya kwanza ilikuwa sarufi, nusu ya pili misemo. Nilikikariri chote, hadi makosa yake ya chapa.

Nikaitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Dar es Salaam. Mama wa Kizungu aliyenihoji akapitisha macho kwenye karatasi zangu, akauliza, "You don't have any experience?" Nikajibu kwa kujiamini, "Yes." Kichwani mwangu maana yake ilikuwa: ndiyo, sina. Akachangamka, akauliza niliipata wapi. Nikasema, "Nowhere." Akarudia kusoma karatasi. "So you don't have it?" "Yes, madam." Tukaenda hivyo raundi tatu, kila mmoja akimwona mwenzake mgumu wa kuelewa. Mwisho akafunga faili taratibu na kusema watanipigia simu. Simu hiyo, we acha tu.

Jioni nilipita kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, vipi huko? Nikamsimulia. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaniambia: "Kiswahili kinamjibu mtu, Kiingereza kinajibu jambo. Mtu akikuuliza 'huna?' unamkubalia, ndiyo, sina. Mwingereza hana habari na aliyeuliza kaulizaje. Anaangalia kitu kipo au hakipo. Hakipo? Basi ni 'no', hata wakuulize kwa kugeuzageuza vipi."

Kahawa yake haikuwa imepoa. Miaka minne ya sekondari hakuna aliyenipa maneno hayo, na kumbe ilikuwa vigumu kunipa. Shuleni kwetu, ukiacha kipindi cha Kiswahili, aliyesikika akiongea Kiswahili alifyeka majani. Sasa mwalimu angenionyeshaje tofauti ya "ndiyo" na "yes" bila kulitamka neno "ndiyo"?

Nikaanza kuuliza: amri hii ilitoka wapi? Ni ya zamani. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, jinsi Kiingereza kilivyotawala shule yake baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwaka 1952. Aliyenaswa akiongea Kigikuyu alichapwa au kuvishwa kibao shingoni cha kumtangaza kuwa ni punda. Watoto walipokezana kitufe, kila mmoja akimpa mwenzake aliyemsikia akiteleza, hivyo jioni mwalimu akawapata wakosaji wote kwa kufuata njia ya kitufe. Yaani watoto walifundishwa lugha na umbea kwa pamoja.

Lakini hiyo ilikuwa fimbo tu. Nadharia ilikuja Januari 1961, pale Makerere, Kampala. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi 11 ipate uhuru. Wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka 31 baadaye, mwaka 1992, msomi Robert Phillipson aliichambua taarifa ya mkutano huo akaona imejengwa juu ya imani tano: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa nacho, kwamba mtoto akianza mapema ndiyo bora, kwamba kikifundishwa kwa wingi matokeo huwa mazuri zaidi, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango chake kitashuka. Phillipson aliziita zote tano potofu. Mimi ninagombana na ile ya kwanza, maana ndiyo iliyonikosesha kazi.

Kwetu Kiswahili kilishika shule za msingi kuanzia mwaka 1967, lakini mlango wa sekondari kikakuta umefungwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 ufunguliwe, serikali haikufanya hivyo. Mtoto anavuka kutoka darasa la saba kwenda kidato cha kwanza kama anayevuka mpaka bila pasi.

Sisemi kitabu cha Kiingereza kitupu hakifai. Kamusi ninayoitegemea mpaka leo, ile ya Oxford ya wanafunzi, haina neno la Kiswahili hata moja. Lakini sikilizeni asili yake. A. S. Hornby alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha, na huko, pamoja na wenzake Gatenby na Wakefield, akatunga kamusi iliyotolewa Tokyo mwaka 1942 kwa jina la Idiomatic and Syntactic English Dictionary. Oxford waliichapa upya mwaka 1948. Nayo ilikuwa ya Kiingereza kitupu, ila walioitunga waliishi miaka mingi na watu wanaojikwaa. Ndiyo maana ilijishughulisha na mambo ambayo Mwingereza haulizi kabisa, kama vile kitenzi fulani kinataka kufuatwa na nini. Kijitabu changu cha Manzese hakikuwahi kuketi na mtu anayejikwaa.

Tazama misemo yake. Kiliandika kwamba "kick the bucket" maana yake ni kufa. Basi. Baba wa rafiki yangu alipofariki, nami nikitaka kuonekana msomi, nilimwandikia rambirambi kwa Kiingereza na msemo huo nikauweka katikati. Hakunisemesha wiki mbili. Laiti kijitabu kingeandika "kudanja" badala ya "kufa", ningeelewa papo hapo, kwa sababu hakuna mtoto wa mjini anayeingia msibani na kusema marehemu kadanja.

Na sarufi ni hivyohivyo. Niliteseka sana na "I ate" na "I have eaten" mpaka mzee aliponiuliza, "Nilikula na nimekula ni sawa?" Si sawa, nikamjibu. "Basi unazijua zote mbili tangu utotoni." Akanionya tu kwamba ndugu hawa hawafanani kila mahali: ninaweza kusema nakaa Tandika tangu mwaka 2010, lakini Kiingereza hapo hakikubali "I live", kinataka "I have lived".

Vijana wenzangu tunaoandika tunaulizana sana tuandike kwa lugha gani. Juni 1962 palepale Makerere walikutana waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ alialikwa, wakati huo akiwa mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu. Shaaban Robert, mwenye rundo la vitabu, hakuhesabiwa, kwani aliandika kwa Kiswahili. Mwezi huohuo akafariki.

Mimi riwaya yangu naiandika kwa Kiswahili, na sura ya nne ina kijana anayekwenda kwenye usaili. Rafiki yangu, yule wa rambirambi, aliisoma akacheka, akanishauri niitafsiri niipeleke nje. Nimekaa nayo juma zima. Kila nikifika pale kijana anapojibu "Yes", kwa Kiingereza anaonekana mwongo tu, na mzaha wote unapotea. Daftari liko wazi mezani, ukurasa huohuo.