Gari la Juu Kyela: Historia ya Kipimo cha Mwenye Gari

Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kutandaza tope lake kwenye nyanda tambarare kabla ya kuingia ziwani. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka katika sehemu nyingi za wilaya huvuka milimita 2,000, na mwezi wa Aprili mashamba ya mpunga, njia za miguu na barabara za udongo huweza kuwa chini ya maji kwa wakati mmoja. Hali hiyo ya ardhi ndiyo iliyounda kipimo ambacho watu wa Kyela hukitumia hadi leo kulipima gari la familia linapofika nyumbani kwa mara ya kwanza. Kipimo hicho hakikuja na magari yanayouzwa sasa, bali kilirithiwa kutoka kwa magari ya zamani zaidi ambayo wengi wa waliokirithi hawakuyamiliki wala kuyaendesha.

Magari ambayo watengenezaji huyaita SUV huitwa na Watanzania wengi kwa jina jepesi zaidi, yaani gari la juu. Jina hili huligawa soko lote la magari ya nyumbani katika makundi mawili, gari la chini, ambalo tumbo lake hukwaruza tuta la katikati ya barabara ya udongo, na gari la juu, ambalo tumbo lake limeinuka kwa sentimita 20 hivi na kulipita tuta hilo salama. Ni mgawanyo wa busara, kwa kuwa unataja jambo ambalo mwenye gari wa Kyela atalihitaji mwezi wa Aprili, na unaacha pembeni mambo ya anasa ambayo matangazo ya biashara huyatanguliza.

Kabla ya gari, mzigo wa nyanda hizi ulikwenda kwa kichwa au kwa maji. Msafiri Mwingereza Frederick Elton alipita kaskazini mwa ziwa mwaka 1877 na Joseph Thomson akafuata mwaka 1879, wote wakitegemea wapagazi. Baada ya mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 kuufanya mto Songwe kuwa mpaka, wamisionari Wamoraviani walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891 na kile cha Ipyana, karibu zaidi na ziwa, mwaka 1894, na vifaa vyao vilifika pia kwa njia hizo hizo mbili. Meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann, iliyoingizwa majini mwaka 1893, ililetwa ikiwa vipande vipande, kisha ikaunganishwa. Jeshi la Waingereza lililoongozwa na Jenerali Edward Northey lilipovuka mpaka kutoka Nyasaland mwezi Mei 1916 na kuteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, ushindi wake ulisimama juu ya mabega ya wapagazi ambao idadi yao ilizidi sana ile ya askari.

Katika zama za utawala wa Waingereza malori yalianza kufika, lakini chombo cha magurudumu kilichoingia katika maisha ya familia kwa dhati kilikuwa baiskeli, ambayo vijana wa Kinyakyusa, wenyeji wa nyanda hizi, waliokwenda kufanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Lupa, ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu Afrika Kusini waliinunua kwa mishahara yao na kurudi nayo nyumbani. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu kuhusu ng'ombe, migomba, vijiji vya marika na mazishi. Maandishi yao juu ya mazishi yana uzito katika historia hii pia, kwa sababu yanaonyesha jinsi ndugu wa mbali walivyopaswa kufika msibani, na wajibu huo, kama itakavyoonekana, ndio uliokuja kuamua idadi ya viti ambavyo gari la familia linatakiwa kuwa navyo.

Gari lililoweka kipimo lilikuwa Land Rover. Lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, likiwa na bodi la alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza baada ya vita, na likiwa na giaboksi ya pili, ndogo, iliyomwezesha dereva kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne na kushusha mwendo ili kuongeza mvuto. Toleo lake refu, lililofahamika kwa nambari 109, lilikuwa na mabenchi mawili ya nyuma yaliyotazamana, na ni juu ya mabenchi hayo, magoti yakigongana na gunia likiwa katikati ya miguu, ambapo watu wengi wa vijijini walionja safari ya gari kwa mara ya kwanza. Dereva aliyekaribia mto uliofurika alisimama, akakata fito na kupima kina, akalegeza mkanda wa feni ili mapanga yake yasirushe maji kwenye mfumo wa kuwashia petroli, kisha akaingia kwa gia ndogo bila kubadilisha mwendo hadi ng'ambo. Abiria waliokuwa nyuma waliyaona yote hayo, na wakajifunza kwamba sifa za gari ni tatu: kutokwama, kutozimika majini, na kubeba.

Magari hayo, hata hivyo, hayakuwa ya familia. Yalikuwa ya serikali, ya misheni, ya vyama vya ushirika na baadaye ya mashirika ya umma, yenye namba zilizoanza na ST au SU, ambazo mtoto wa shule aliweza kuzisoma kabla hajajua kusoma vizuri. Miaka ya 1970 ilizidi kulisukuma mbali wazo la gari la nyumbani. Bei ya mafuta ilipanda baada ya 1973 na tena mwaka 1979, fedha za kigeni ziliadimika, uagizaji ulikuwa mikononi mwa shirika la umma na mnunuzi alihitaji kibali, na kuna kipindi ambacho magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia mchana ili kuokoa petroli. Gari lililokuwepo lilitunzwa kwa ustadi ambao haujapata kuandikwa inavyostahili: mafundi walichonga bushi kwa mpira wa tairi kuukuu, walishona matairi kwa waya, na waliziba redieta kwa sabuni. Ni haki kusema kwamba mafundi hao wa miaka ya uhaba ndio walioiweka hai elimu ya gari huku soko likiwa limekufa.

Mlango ulifunguka kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na ukapanuka baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986. Katika miongo iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakawa njia kuu ya familia ya Kitanzania kupata gari, yakisaidiwa na ukweli kwamba nchi zote mbili huendesha kushoto na hivyo usukani uko upande uleule. Wakati huohuo gari la juu lenyewe lilikuwa linabadilika. Land Rover na Land Cruiser zilijengwa juu ya chasisi, yaani fremu nzito ya chuma inayobeba injini na bodi. Toyota RAV4 iliyotoka mwaka 1994, Subaru Forester ya mwaka 1997 na Nissan X-Trail ya mwaka 2000 zilijengwa kama magari madogo ya mjini, bodi lenyewe likiwa ndilo fremu, kisha zikainuliwa. Umbo lilikuwa la gari la porini, ilhali mifupa ilikuwa ya gari la lami, na tofauti hiyo, isiyoonekana kwa macho, ndiyo ambayo mwenye gari huigundua katika wiki zake za kwanza.

Sheria ya kodi ilichangia pia katika uchaguzi wa gari la familia. Kwa viwango vilivyodumu miaka mingi, gari la abiria lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini isiyozidi 2,000 lilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 na lililozidi hapo asilimia 10, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Injini za lita mbili za RAV4 na X-Trail za matoleo ya kwanza zina sentimita za ujazo 1,998. Ndiyo sababu gari la juu la familia ya kawaida lilikuwa la ukubwa huo, na Land Cruiser kubwa, ambayo mtaani iliitwa shangingi, ikabaki kuwa gari la ofisi na la wenye uwezo.

Gari linaloshushwa bandarini Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika Kyela, na safari hiyo humpa mmiliki hisia za mwanzo ambazo hadumu nazo. Kwenye lami ya Mikumi kiti cha juu humfanya aone mbali kuliko alivyozoea kwenye basi dogo, na kiyoyozi na ukimya wa injini humshawishi kwamba amepata alichokitafuta. Mlima Kitonga humwonyesha kama injini ya lita mbili, ikiwa na watu watano na mizigo, inapanda au inalalamika. Mtihani mgumu zaidi uko mwishoni, baada ya ukungu wa milima iliyo juu ya Uyole, pale barabara inaposhuka kutoka Tukuyu hadi nyanda za ziwa, mteremko wa karibu mita 1,000. Mwenye gari la oto, yaani linalobadilisha gia lenyewe, ambaye hajui kushusha mkono wa gia hadi kwenye 2 au L, hufika chini akisikia harufu ya breki zilizoungua.

Nyumbani, upya wa gari husomwa kwanza kwenye namba. Kwa kuwa usajili wa sasa huanza na T, tarakimu tatu na herufi tatu, na herufi ya kwanza husogea kwa mpangilio wa alfabeti, jirani akisema gari ni la namba D au namba E ameshautaja umri wake nchini, hata kama lilitembea Japani miaka kumi. Ndani ya gari kuna mabaki ya maisha yake ya awali. Linapowashwa, sauti ya mwanamke hutamka kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, na hurudia tangazo hilo kila asubuhi katika kijiji kisicho na barabara ya kulipia. Redio, iliyotengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, haizipati stesheni nyingi za Tanzania mpaka fundi aifungie kigeuzi. Kwenye fremu ya mlango kuna karatasi ndogo ya gereji ya huko, yenye tarehe na kilomita za mwisho kubadilisha oili, na mmiliki makini huiacha ilipo kwa sababu ndiyo shahidi pekee wa historia ya injini yake.

Kipimo cha kale hurudi na mvua. Land Cruiser ngumu huvuta hewa ya injini kupitia bomba refu lililopanda pembeni mwa kioo, ambalo kwa kufanana kwake na pua ya tembo huitwa mkonga. Gari la juu la familia huvuta hewa yake ndani ya boneti, karibu na taa, na likiingia kwenye dimbwi kwa kasi wimbi la mbele hufika pale. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo pistoni inayokutana nayo husimama ghafla na mkono wake hupinda. Mafuriko ambayo Land Rover ya mwaka 1960 iliyavuka kwa fito na gia ndogo yanaweza kumwachia mmiliki wa leo gharama ya injini nzima. Katika tope la majaruba, yaani vitalu vya mpunga, magurudumu ya nyuma ambayo husubiri kompyuta iyapelekee nguvu huchelewa kwa nukta moja, na nukta hiyo hutosha gari kukaa juu ya tumbo lake. Hapo huitwa vijana na majembe, kama walivyoitwa babu zao.

Lawama kwamba gari la aina hiyo ni udanganyifu, hata hivyo, hazina haki. Kwa sehemu kubwa ya mwaka linatosha, na barabara zenyewe zimebadilika, kwani lami ya Uyole, Tukuyu na Kasumulu ilizifikia nyanda kwanza, na katika muongo wa 2010 ile ya Kikusya, Ipinda na Matema ikajengwa hadi ufukweni. Mahali ambapo gari hilo hushindwa kwa kweli ni kwenye viti. Familia, kwa maana ya Kinyakyusa, haiishii kwa wazazi na watoto wao. Habari ya msiba inapofika kutoka Tukuyu au Mbeya, wenye haki ya kupanda ni shangazi, bibi, wajomba na jirani wa karibu, pamoja na ndizi, mchele na sufuria, na gari la viti vitano huwalazimisha watu kuchagua jambo ambalo desturi haiwaruhusu kulichagua. Kwa sababu hiyo Toyota Noah, ambayo ni ya chini lakini ina viti saba au vinane, imeendelea kupendwa na wengi waliokwisha kulimiliki gari la juu, na kwa sababu hiyo pia magari ya juu yenye safu ya tatu, kama Vanguard na Kluger, hutafutwa licha ya injini kubwa inayobebwa na baadhi yake.

Fedha za manunuzi hayo hutoka kwa kiasi kikubwa mashambani. Kyela ndiyo wilaya inayoongoza kwa kakao nchini, na bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024 wakulima wa zao hilo walishika fedha ambazo wazazi wao hawakuziota. Gari lililonunuliwa kwa kakao hubeba kakao: safu ya nyuma hukunjwa, turubai hutandikwa juu ya zulia la Kijapani, na magunia ya mbegu zilizokaushwa hupakiwa hadi springi zishuke na zile sentimita 20 zipungue hadi zile za gari la chini. Mmiliki huinama, hutazama nafasi iliyobaki kati ya tumbo la gari na tuta la njia, kisha huamua kushusha gunia moja.