Unene na Uzazi wa Mwanamume katika Historia ya Tiba

Waganga wa kale walihusisha uzito wa mwili na uwezo wa mwanamume wa kuzaa karne nyingi kabla ya kuwapo maabara yoyote. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alifundisha kwamba manii na mafuta ya mwili hutokana na asili moja, yaani ziada ya chakula kilichokwisha kugeuka damu, na kwa hiyo mtu au mnyama aliyenenepa mno hupungukiwa na manii kwa sababu ziada hiyo imekwisha kuishia katika mafuta. Fikra hiyo ilidumu katika tiba ya ulimwengu wa Kiislamu, ambako Ibn Sina (980–1037), katika kitabu chake *Kanuni ya Tiba*, alihesabu ugumba miongoni mwa madhara ya unene uliopindukia.

Hoja hizo zilitegemea kutazama kwa macho tu, kwani mbegu za kiume zenyewe hazikuonekana hadi mwaka 1677, wakati Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alipoyachunguza manii kwa hadubini. Kuonekana kwa mbegu, hata hivyo, hakukueleza jinsi unene unavyozidhuru, na maelezo hayo yalisubiri elimu ya homoni, yaani kemikali zinazosafiri katika damu na kuongoza kazi za viungo. Mwaka 1935 testosteroni, homoni kuu ya kiume, ilitengwa kutoka katika korodani, na baadaye ikafahamika kwamba tishu za mafuta zina kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Estrojeni ikizidi, ubongo hupunguza homoni zinazoziamuru korodani kutengeneza mbegu. Aidha, mafuta ya mapajani na kinenani huongeza joto la korodani, ilhali korodani, ili zifanye kazi vizuri, huhitaji joto la chini kidogo kuliko la mwili.

Wembamba uliokithiri nao una historia yake. Katika jaribio la njaa lililofanyika Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, vijana 36 waliojitolea walipunguziwa chakula hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao, na hamu yao ya tendo la ndoa ikafifia, jambo lililoashiria kwamba mwili wenye njaa huahirisha uzazi ili kulinda uhai.

Mwaka 2013, uchambuzi uliounganisha tafiti 21 za wanaume zaidi ya 13,000 ulibaini kwamba wanene kupita kiasi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mbegu chache au kukosa kabisa. Wakale, basi, walikosea kuhusu sababu lakini hawakukosea kuhusu uhusiano wenyewe, na kwa kuwa uzito ni mojawapo tu ya visababishi vya ugumba, ndoa isiyo na mtoto yastahili kupimwa kwa pande zote mbili, si kwa mke peke yake.