Hima na Ngitili

Katika mabaraza yetu hapa Maskati, Usukuma hutajwa kwa maduka, pamba na ngozi. Khabari ya majani yake haitajwi, nayo ndiyo iliyo karibu mno na mila yetu.

Waarabu tangu kale wana hima, yaani malisho yanayofungwa ili yapone. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliihifadhi Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Na Sayyidna Umar akaihifadhi Rabadha. Wasukuma nao wana ngitili. Mvua zikianza, mfugaji hufunga sehemu ya ardhi yake. Huifungua kiangazi kinapokaza, kwanza kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia.

Zama za Waingereza misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kumaliza mbung'o. Pamba nayo ikala ardhi, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao. Nchi ikawa karibu na jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, iliyowarejesha wenyeji kwenye desturi yao. Ngitili zilizojulikana wakati huo zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikwishapita 300,000.

Siku hizi wataalamu wanatueleza kuwa jani huvuta kaboni iliyomo hewani, na mizizi ikifa, sehemu yake hubaki udongoni. Malisho yanayopumzishwa hutia mizizi mingi zaidi. Kaboni hiyo sasa inauzwa. Kaskazini ya Kenya, mradi wa Northern Rangelands Trust umeuza hati za kaboni ya malisho kwa makampuni ya ng'ambo. Lakini mwaka 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kuwa hifadhi mbili ziliundwa kinyume cha sheria, kwani wenyeji hawakushauriwa ipasavyo.

Sisi ambao wazee wetu waliacha mashamba nyuma, twaujua uzito wa karatasi iliyoandikwa bila ya mwenye ardhi kuulizwa. Ngitili ilirudi kwa sababu aliyeifunga ndiye aliyekuwa na haki ya kuifungua. Basi akitokea mnunuzi wa kaboni huku kwetu Sharqiya, penye mbuzi na ngamia wa jamaa zetu, na aulizwe kwanza: nani atafunga, na nani atafungua?